Mkwe Ameleta Loki ya Difu ya Mbele, na Mke Wangu Ndiye Dereva

Admin, jina langu lifunike, na kijiji usikitaje kabisa, maana gari huku ni moja tu na kila mtu anajua mlio wake.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, nimeoa na nimejenga ukweni, kwenye vilima vya nyuma ya Kilwa. Shule niliishia darasa la tano, sikufukuzwa, tulichokana tu. Lakini dunia nimeiona jamani. Dar nimekaa, Mombasa nimekula, Maskati nimefika na meli. Sasa hivi natengeneza mashine za boti Songo Songo, nalala kisiwani wiki nzima, narudi nyumbani na samaki na maneno mengi. Nikiwa huko, Landikruza yangu anaiendesha mke wangu. Mwanamke huyo acheni nimsifu: wajawazito wa kijiji chetu anawashusha hospitali yeye, mvua isimame isisimame.

Shida ni mlima. Masika yakishika, ule udongo mweusi unakuwa kama sabuni iliyolowa. Gari yangu nyuma ina loki, yaani kile kifaa cha ndani ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, kinachofanya magurudumu mawili yazunguke kwa pamoja, lisiwe moja linachezea matope na mwenzake amelala. Nyuma peke yake haikutosha, nikaanza kutafuta na ya mbele. Fundi wangu wa Kilwa Masoko, ambaye ni mtani wangu, akanieleza vizuri tu: "Zipo za kujifunga zenyewe, hizo hazina mipira ya upepo wala waya, hazina usumbufu. Ila ikishika mbele, usukani jiwe, gari inataka kwenda moja kwa moja tu. Na ipo ya upepo, unabonyeza swichi inashika, unabonyeza inaachia. Mipira yake uitunze. Nani anaendesha?"

"Mke wangu."

"Basi chukua ya swichi, ubabe peleka kwenye ngoma."

Nikakubali. Tatizo langu mdomo. Kwenye harusi moja nikatangaza mbele ya watu kwamba natafuta loki ya mbele, mlima ule nitaupanda huku nakunywa chai. Mjomba wa mke wangu alikuwepo. Huyu mzee ndiye aliyeniozesha, na ukweni kwangu neno lake ndilo la mwisho. Akaenda Dar kwa shughuli zake, akarudi na kitu kimefungwa kwenye kanga, amekipakata njia nzima kama mjukuu. Ukoo ukaitwa. Ubani ukafukizwa, dua ikasomwa, chuma kikafunuliwa. Loki ya kujifunga yenyewe.

"Mkwe, nilikusikia," akasema. "Hii hapa, watoto wetu wasilale njiani tena."

Zawadi ya mkwe huku haikaguliwi wala hairudi. Hapo ningenyamaza nikashukuru, ningekuwa na pa kutokea. Mimi nikasimama kabisa: "Mkwe, hii ndiyo yenyewe! Maskati wanafunga hizi hizi!" Ndugu zangu, Maskati sijafungua difu hata moja.

Ikafungwa. Siku ya kuijaribu mke akakaa kwenye usukani, mimi pembeni nimetoa kiwiko dirishani kama waziri. Kupanda, gari ilipanda kama mbuzi. Kufika ile kona yenye korongo upande wa kushoto, nikasema, "Kata kulia."

"Haikati."

"Kata, mama!"

"Nimekwambia haikati!"

Nikaudaka usukani, tukawa wawili tunauvuta, na pua ya gari inaelekea korongoni taratibu kabisa. Mke ndiye aliyeachia mafuta na kukanyaga breki. Tukateleza kwa ubavu mpaka mkorosho ukatupokea. Taa imevunjika, sisi wazima. Hakunigombeza. Alishuka, akaegemea ule mti, kisha akarudi nyumbani kwa miguu. Sijawahi kumwona akiiacha gari njiani.

Jioni mzee akapita. "Shikamoo mkwe." "Marahaba, baba. Zawadi yangu inakamata?" Nikajibu, "Inakamata mpaka raha." Mke akaniangalia, akaingia ndani. Hawezi kunisuta mbele ya mjomba wake, na mimi hilo nalijua, ndiyo maana nikadanganya.

Sasa mdogo wake mke wangu ana mimba ya kwanza, mtoto amekaa vibaya, nesi amesema asisubiri uchungu kijijini. Mzee ameamua: Ijumaa baada ya swala mke wangu amteremshe, na yeye mwenyewe atakaa mbele aone zawadi yake inavyofanya kazi. Kushuka ni kwenye kona ile ile. Mvua haijakata. Mimi nina boti ya watu imelala kisiwani, na hata nikibaki nishike usukani kwa mabavu yangu, je, mjamzito wa wiki inayofuata?

Ya upepo nimeshaipata, imelala chini ya kitanda. Mtani wangu yuko tayari Alhamisi aje atoe hii, aweke ile. Lakini swichi itakuwa hapo mbele, usawa wa magoti ya mzee. Nilimwambia mke tutasema ni ya feni. Akanijibu, "Mdogo wangu atakuwa nyuma analia, wewe unamtungia mzee habari za feni? Kamwambie. Mimi ile gari siishiki tena ilivyo."

Kumwambia ni kumwambia kwamba ile dua ilisomewa chuma kibaya, na kwamba mkwe wake mwenye dunia nzima ni mwongo. Kunyamaza ni ile kona.

Naombeni akili zenu kabla ya Alhamisi. Matusi nayapokea, ila yatanguliwe na ushauri. Na jambo moja zaidi: mzee ana simu kubwa na ukurasa huu haachi kuusoma. Mkwe, shikamoo. Mkorosho wa kwenye kona una kovu, kautazame kabla ya Ijumaa.