Bendera ya Dakika Sitini

Watu wa Kampala wakisikia natoka Kenya, kitu cha kwanza wanachonitazama ni miguu. Huwa nawaambia kwetu ni upande wa miwa, na kwamba mtu akionekana anakimbia asubuhi, majirani huuliza ameiba nini. Hawasikii. Ndivyo mimi, muuza rangi za nyumba wa Kawempe, nilivyojikuta nimefungwa bendera mgongoni kwenye mbio za mtaa, kilomita kumi za kupanda na kushuka kutoka Kyebando hadi Kyambogo.

Bendera yenyewe ni kitambaa cha njano kwenye kijiti, kimeandikwa 60. Anayeivaa hakimbii ili ashinde. Kazi yake ni kufika kwa dakika sitini, si hamsini na saba wala sitini na mbili, ili aliyejiwekea lengo la saa moja amfuate tu bila kuhangaika na saa. Mahali tambarare mtu yeyote anaweza. Kwenye vilima hivi inataka ufundi. Unapanda polepole mpaka wenye haraka wanakucheka, kisha kwenye mteremko unazirudisha zile dakika kidogo kidogo, ili aliye dhaifu kuliko wote abaki na pumzi ya mlima unaofuata. Nilifanya hivyo miaka sita na sikuwahi kukosea kwa zaidi ya nusu dakika. Naringa, ndiyo, sina vingi vya kuringia. Mke wangu alianza kukimbia nyuma ya bendera hiyo, na kila mwaka alifika nayo.

Kisha bodaboda ikanigonga goti mbele ya duka langu. Nililala, nikachechemea, nikatembea na mkongojo, mwaka ukapita. Mwenzangu mmoja, Mkenya tunayesali naye kanisa moja, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kukimbia, alikuja kunitazama mara moja tu. Alikaa ukingoni mwa kiti, akanipa pole, akaisifu bandeji yangu, halafu akauliza bendera huwa naiweka wapi. Nilidhani amekuja kuniona mgonjwa.

Nilipopona nilikwenda kwa mwenyekiti wa mbio, polisi mstaafu ambaye sote tunamwita Afande. Nikamwambia nataka bendera yangu, ambayo sasa ilikuwa kwa yule mwenzangu.

"Wewe ngoja kwanza, ssebo," akasema, akiniita bwana kwa Kiganda. "Mguu yako mimi bado ona. Mwaka hii kimbia kama watu ingine. Ukimaliza ndani ya saa moja, bendera narudi kwako. Mimi hapana danganya."

Nikamshika mkono. Miezi mitatu nikalizoeza goti kupanda: ngazi za jengo la jirani, kilima cha Kyebando, mara kumi, mara kumi na tano. Goti likatulia, nikajiona mwamba. Mtu aliyewafundisha wengine miaka sita jinsi ya kuteremka alisahau kujifundisha mwenyewe. Goti bovu haliogopi mlima. Kwenye mlima mguu unasukuma tu, lakini kwenye mteremko goti ndilo linalobeba mwili wote kila hatua. Nililijua hilo vizuri na sikulifikiria hata siku moja.

Siku ya mbio nilianza kwa kasi, mbele ya bendera, nikitaka Afande aone mgongo wangu. Mlima wa kwanza nikaupanda vizuri. Mteremko wa kwanza ukaniuma. Wa pili ukaniuma mpaka nikaanza kushuka kwa upande, mguu mmoja mbele, nimeuma meno, na akina mama waliokuwa wakikaanga chapati kandokando ya barabara wakinipigia makofi ya huruma. Heri wangenizomea.

Kilomita ya saba nikasikia vishindo vya watu wengi nyuma yangu. Bendera ikanipita. Mwenzangu hakunitazama. Pembeni yake alikuwa mke wangu, uso unang'aa kwa jasho.

"Baba watoto, twende!" akasema, na akaenda.

Nikatazama saa. Pale, kwa mwendo wa saa moja, tulipaswa kuwa na dakika arobaini na mbili. Ilisoma thelathini na tisa. Mimi nilikuwa nimeanza mbio kwa kiburi, sawa, lakini mwenye bendera ana sababu gani? Nikageuka. Nyuma, mteremko mzima, walikuwa watu wake: mmoja ameshika kiuno, mwingine ameinama anatapika, wawili wanatembea. Walikuwa wamekuja kufika kwa saa moja, na aliyepewa kazi ya kuwafikisha alikuwa amewamaliza kwenye milima miwili ya kwanza.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Nikajisemea, leo atajulikana. Basi nikaacha kumfukuza. Nikalipeleka goti langu nilivyokuwa nikiwapeleka watu, polepole kwenye mlima wa mwisho, bila kumsikiliza yeyote, nikihesabu hatua. Nilivuka mstari wa Kyambogo kwa dakika hamsini na tisa na sekunde thelathini na nane.

Nikaenda moja kwa moja kwa Afande, saa imenyooshwa mbele yangu.

"Naona," akasema. "Umemaliza ndani ya saa moja, kweli. Lakini bendera alikupita. Mimi nitapatia bendera mtu ambaye bendera alimpita?"

"Afande, bendera imefika dakika ya hamsini na sita! Hiyo si bendera ya sitini. Uliza waliobaki nyuma."

Hakuuliza. Alinionyesha uwanja kwa kidevu. Kule watu walikuwa wamembeba mwenzangu juujuu, wanacheka, wanapiga picha na kile kitambaa cha njano. Waliofika naye walikuwa kumi na kidogo. Wale wengine walikuwa wanaingia mmoja mmoja, wakienda kukaa karibu na tangi la maji, na hakuna aliyewapiga picha.

"Watu nafurahi," Afande akasema. "Unataka niambie wao wamekimbia vibaya?"

Nilimfuata mwenzangu. Nikamuuliza mbele ya watu saa yake inasema ngapi. Akashusha mkono wa fulana kuifunika.

"Mwili ulikuwa unataka, ndugu yangu," akasema. "Usinilaumu kwa goti lako."

Nilikuwa nimefungua mdomo nimtukane, kanisa au si kanisa, mke wangu akanishika bega. Alikuwa ameloa, anahema, na alikuwa mzuri sijapata kumwona hivyo tangu tuhame nyumbani. Akanionyesha namba kwenye saa yake kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

"Hamsini na sita! Mimi! Baba watoto, mbona wewe hukuwahi kutukimbiza hivi?"

Nilitaka kumwambia habari za walioketi kwenye tangi la maji. Nilitaka kumweleza bendera ni kwa ajili ya nani. Maneno yote nilikuwa nayo, ya haki kabisa, na hakuna hata moja lililomhusu yeye. Hakuwa amechoka hata kidogo. Angeweza kukimbia tena. Nilimtazama nikaelewa kwamba hakuwa mnyonge wa kundi langu mwaka wowote ule, ila alikuwa ananifuata kwa sababu nilikuwa mumewe, na mimi kila mwaka nilifika nimevimba kifua kwa kumfikisha.

Nikamwambia hongera. Akaniuliza kama goti linauma, nikasema ndiyo, na kati ya yote yaliyokuwa yakiniuma, hilo tu ndilo alilosikia.