Elfu Thelathini na Thelathini na Moja

Enzi zetu kule Ole, hesabu ya darasani ilitosha kuvunja undugu. Ilikuwa miaka ile ya siasa, watu walishagawana maduka, visima na hata mazishi. Ukienda kununua chumvi, kwanza uulizwe wewe wa chama gani. Kilichobaki kugawana ni namba, na Mwalimu Shaame akatuletea.

Asubuhi hiyo harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini ilijaa darasani, nasi tuna muhogo wa kuchemsha mifukoni. Mwalimu akaandika 30,031 ubaoni. Akaigawa kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, moja. Kwa tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu: moja tu, kila mara. Akapangusa chaki mikononi, akatangaza kuwa hiyo ni namba tasa, haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Tukapiga makofi. Siku hizo ukimuuliza mwalimu swali, bakora ndiyo iliyojibu.

Jioni nikamhadithia baba, naye akaipeleka barazani. Alikuwapo Mzee Hamad wa Mtambile, ambaye mwanawe Kombo alishamposa dada yangu Zuhura, na nguo za harusi zilishanunuliwa. Mzee Hamad akasema, "Asiyegawika ni Mola peke yake. Hiyo namba yenu itagawika tu." Baba akaona amedharauliwa mwalimu, shule na Ole nzima. Kufika Ijumaa kulikuwa na watu wa Inagawika na watu wa Haigawiki, na hakuna hata mmoja aliyeshika penseli. Baba akaapa mbele za watu: "Wallahi, mwanangu hatoolewa kwa watu wa Inagawika!"

Dada Zuhura hakulia. Alichukua mkaa, akakaa kwenye sakafu ya jikoni, akaanza pale mwalimu alipoishia: kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na tatu. Saruji ikajaa weusi, nazi zikangoja kukunwa. Alipofika hamsini na tisa, hakikubaki kitu. Hamsini na tisa mara mia tano na tisa. Akamwita baba.

Baba alichutama, akaikokotoa mwenyewe, kisha akairudia. Akasema polepole, "Imegawika, mwanangu. Lakini mie nshaapa mbele za watu."

Kombo alioa kisiwani Fundo. Dada aliolewa baadaye na mtu mzima wa Wete, mpole, asiyependa hesabu. Nasi kwenye mtihani tuliandika kuwa namba ile ni tasa, tukapewa vema.

Siku hizi wajukuu wanabonyeza simu, jibu linatoka kabla hujamaliza swali. Kisha wanatuonea huruma: masikini wazee, hamkuwa na pa kupatia jibu! Nazitamani siku zile, sifichi. Naitamani hata sauti ya dada akihesabu peke yake. Lakini jibu, wajukuu zangu, tulikuwa nalo. Lilikuwa pale jikoni, na baba mwenyewe ndiye aliyelimwagia maji.