Muheme wa Mama

Harufu ya zabibu zilizochacha bado hunifanya nizibe pua. Mwaka ule mnunuzi hakuja kijijini kwetu Makutupora, na zabibu zetu zikaozea shambani huku nzi wamezijaa. Baba alikuwa ameshatukimbia. Mama akabaki na sisi watoto wawili, na hasira. Usingizi ulimhama, kichwa kikamgonga, moyo ukamwenda mbio, chakula hakikukaa tumboni. Zahanati walimpa vidonge, wakamwambia presha imepanda, apunguze mawazo. Ayapunguzie wapi, hawakumwambia, basi akayapunguzia kwetu. Alitupiga kwa mwiko, kwa kandambili, kwa fito za mzabibu zinazochana ngozi. Siku moja mdogo wangu Yohana alimwaga maji ya kunywa. Mama alimkaba shingo, akamgongesha ukutani mpaka damu ikamtoka puani. Nilimng'ata mama mkono. Nilitaka afe, nasema kweli, maana niliona Yohana anakufa.

Bibi mzaa mama, aliyekuja kutoka Kibakwe kututazama, ndiye aliyemnasua Yohana mikononi mwa mama. Nilingoja amzabe mama kofi. Badala yake aliingia ndani, akatoka na muheme, ngoma ambayo kwetu Wagogo hupigwa na wanawake, akamwekea mama katikati ya magoti.

"Mikono inakuwasha? Haya, piga hii."

"Mama, niache. Nina wazimu mimi."

"Piga na wazimu wako."

Mama akapiga. Alipiga ovyo, akimtukana baba, akimtukana mnunuzi, akimtukana hata Mungu, mpaka viganja vikavimba na majirani wakajaa uani. Kisha mdundo ukaja wenyewe, na wanawake wawili wakaanza kuitikia. Mama akaangua kilio. Mchana ule alilala palepale mkekani, Yohana akimchungulia kwa mbali. Tangu hapo alimeza vidonge vyake na kupiga ngoma kila jioni. Simpaki asali, fito hazikwisha siku ile, ila zilipungua, na usingizi ulimrudia.

Leo naishi mtaa wa Kikuyu, mjini, nina kazi ya ofisini na vidonge vya presha mkobani. Muheme wa mama uko sebuleni, wageni hudhani ni pambo, hawajui kuwa nami huupiga. Juzi nilirudi nimefura, nikakuta mwanangu amevunja kikombe. Hakukimbia kama tulivyokimbia sisi. Kabla sijafungua mdomo, aliiburuta ngoma mpaka miguuni pangu, akarudi nyuma mahali ambapo mkono wangu haumfikii, akasimama kusubiri.