Mpaka Maharage Yatoe Maganda

Nilipokuwa mtoto kule Kimuli, maharage yakishatoa maua yaliheshimiwa kuliko padri. Hupigi mluzi karibu nayo, na mwanamke aliyeharibikiwa mimba hapiti kati yake hata nyumba ikiungua. Akipita, Bibi alisema, maua yote yatapukutika. Niliamini kabisa. Niliamini pia kwamba ukimeza mbegu za pera, mti utakuota tumboni, kwa hiyo ushahidi wangu upokeeni kwa tahadhari.

Mama mdogo Koku, mke wa baba mdogo, alikuwa na mimba changa, ya kwanza. Asubuhi moja alitoka jikoni ameshika ukuta, khanga imelowa damu. Majirani wakaja na machela. Njia ya zahanati ilikuwa moja tu, katikati ya mashamba. Upande wa pili ni bonde la matope na mafunjo. Na mashamba yote yalikuwa yamechanua.

Bibi akasimama mbele ya machela.

"Atasubiri ndani mpaka yatoe maganda."

"Mama, anatoka damu!" baba mdogo akasema.

"Damu itakatika. Njaa ikiingia, wewe utalisha kijiji?"

Majirani wakageuka kutazama mashamba. Hata wabebaji walikuwa na maharage yao mle.

"Mama, nipitisheni tu," mama mdogo akasema. "Nitafumba macho."

Bibi alilia, naomba mjue hilo. Alilia, kisha akamrudisha ndani, akamchemshia majani. Damu ikapungua, homa ikapanda. Chumba kikaanza kunuka, sisi watoto tukaambiwa tukacheze mbali.

Kabla maganda hayajatoka, mvua ya mawe ikashuka mchana kweupe ikapukutisha maua yote. Basi njia ikawa wazi. Wakambeba juu ya maua yaliyolala chini, huku jirani mmoja akinong'ona, "Si mnaona? Lazima alichungulia dirishani."

Hospitali walimwokoa. Kizazi hawakukiokoa.

Nimezunguka sana tangu hapo, Kampala, Mombasa, Muscat. Naweza kuomba chai na kuomba radhi kwa lugha tano. Nilioa mvi zikiwa zimeshanitangulia ukumbini. Mwaka jana mimba ya mke wangu ikaharibika ikiwa changa, na muuguzi akaketi nasi.

"Njia ni tatu, dada. Kusubiri, vidonge, au tukusafishe kwa pampu ya mkono."

Niliposikia kusubiri, nikasimama.

"Keti, baba. Ni kusubiri huku tukimwangalia. Damu ikizidi, homa ikipanda, au kukiwa na harufu mbaya, mnakuja saa hiyo hiyo." Akamgeukia mke wangu. "Wewe mwenyewe unaona ipi?"

Mke wangu alichagua vidonge.

Nilimsimulia mama mdogo Koku tukimenya ndizi. Sasa ni mzee. Nilikuwa nimeandaa na mzaha wa kumalizia, ndiyo tabia yangu. Alisikiliza, kisu kimesimama mkononi.

"Hivyo vidonge," akauliza, "ni vikubwa?"

Nikamwonyesha ukucha wa kidole changu cha mwisho. Akautazama, akautazama, kisha akaendelea kumenya. Mzaha wangu nikaumeza.

Nimejaribu kumchukia Bibi, nikashindwa. Njaa aliijua, aliwahi kuzika waliokufa nayo. Kinachonikaa kooni ni kwamba nyumba ile ilijaa watu waliompenda Koku, na wote walitoka nje kutazama shamba. Hakuna aliyeingia chumbani kumuuliza yeye anaona ipi.