Siku Niliyovaa Suruali ya Deusi

Hadi leo kuna watu hapa Izimbya wakikutana nami njiani wananiita "Kaka Deusi" huku wameshika mbavu, na mimi naitika tu, nitafanyaje, aibu ukishaivaa mchana kweupe mbele ya wageni huwezi kuirudisha sandukuni.

Deusi ni mdogo wangu. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la sita, nikawa baba, mama na mpishi wa wadogo watatu, na yeye ndiye mkubwa wao. Alipofika miaka kumi na mitano, yeye na wenzake waliingia kwenye kibanja, yaani shamba la migomba, cha Mzee Rwegasira, wakakata mikungu ya ndizi na kwenda kuiuza barabarani. Wakakamatwa. Nikalia nikijua nimempoteza, lakini ofisa ustawi wa jamii kutoka Bukoba, mama mmoja tunayemwita Madamu Koku, akasema mtoto wa kosa la kwanza, tena aliyekiri, si lazima aburutwe mahakamani. Upo mpango: kijana anamwomba radhi aliyemkosea, kila Alhamisi asubuhi anahudhuria mafunzo ofisi ya kata, na anafanya kazi ya kufidia. Akishindwa, kesi inarudi mahakamani. Mzee akachagua kazi: Deusi akakate majani rweya, kule kwenye uwanda wa nyasi, ayabebe kichwani, ayatandaze kwenye kibanja kile kile alichokiibia.

"Kazi ni yake," Madamu Koku aliniambia. "Si ya rafiki, si ya ndugu. Dada Adelina, umenisikia?"

Nikasema nimesikia. (Nilisikia kweli, ila kwangu mimi sikio na mkono havijawahi kuelewana.)

Sasa ikafika Alhamisi ya kukagua kama kazi imekamilika. Deusi ameenda mafunzoni, Madamu anakuja mchana, na mimi nikapita kwa Mzee nikaona kipande cha chini hakijafunikwa, udongo uko wazi kama kichwa kilichonyolewa nusu. Moyo ukanipasuka. Nikajiambia nibebe mzigo mmoja tu, mmoja. Lakini majirani wakiniona? Nikarudi nyumbani, nikavaa suruali ya Deusi, shati lake, buti zake za mpira na kofia yake, nikachukua mundu wangu nikaenda rweya. Mzigo wa majani ukiwa kichwani unakufunika mpaka mabegani, nani atajua? Mzigo mmoja ukawa miwili, miwili ikawa mitano, nami nikaanza kujisifu moyoni kwamba udada ndio huu.

Nikiwa na mzigo wa sita ndipo nikasikia sauti za watu. Mzee Rwegasira anashuka kibanjani, nyuma yake Madamu Koku, amewahi, na nyuma yake wageni wawili waliovaa vizuri kutoka Muleba, wamekuja kuona mpango unavyokwenda ili wauanzishe kwao.

"Yule pale!" Mzee akasema kwa fahari, kama anaonyesha ng'ombe aliyemkuza. "Mnaona anavyojituma? Deusi! Njoo uwasalimie wageni!"

Ningekimbia, lakini buti zilikuwa kubwa. Nikasogea polepole, uso ndani ya majani. Mzee akanisalimia kwa Kihaya, na hapo ndugu zangu, magoti yakanisaliti. Mvulana huku kwetu huinama kidogo, basi. Mimi tangu nimezaliwa nikisalimiwa na mzee napiga magoti, na mwili haukuniuliza umevaa nini. Nikapiga magoti, puu! Mzigo ukaporomokea viatu vya mgeni, kofia ikaufuata, mabutu yangu ya nywele yakasimama juani.

"Deusi," Mzee akasema taratibu, "umeanza lini kusuka?"

Hapo ningesema kweli ningepona nusu. Nikasema, "Waitu, mzee wangu, samahani, Deusi anaumwa. Yuko kitandani, hawezi hata kuinuka."

"Pole yake," Madamu Koku akasema, akatazama nyuma yangu. "Mgonjwa mwenyewe anakuja."

Nikageuka. Deusi anashuka anapiga mluzi, mundu begani, mzima kama jogoo. Akasimama. "Dada! Hiyo si suruali yangu?"

Wageni wakashindwa kujizuia, wakacheka mpaka mmoja akakaa juu ya gogo. Deusi hakucheka. Alitazama kipande cha chini, akatazama majani niliyotandaza, akauliza, "Haya umeweka wewe?" Kisha bila kuambiwa na mtu akaanza kuyakusanya, akayatupa nje ya kibanja.

"Deusi, acha!" nikamnong'oneza. "Watakurudisha mahakamani!"

"Hayo si yangu, dada. Halafu umeyabananisha na shina, unawaita fukusi, wale wadudu wa migomba. Mzee alinifundisha niache nafasi." Akamgeukia Madamu. "Nilichofanya mimi kinaishia pale. Hapa bado. Mkisema nimeshindwa, nimeshindwa."

Madamu Koku akamtazama Mzee. "Mwenye kibanja ni wewe."

"Huyu alikuwa anachukua mikungu yangu," Mzee akasema. "Leo anakataa hata majani ya bure. Mahakama itamfundisha nini zaidi? Mwache amalize."

"Utamaliza lini?" Madamu akamuuliza.

"Leo. Nisipokatizwa."

"Hutakatizwa," Madamu akasema, akanivutia kigoda. "Wewe dada kaa hapa. Usishike kitu."

Nikakaa, na suruali ile ile ya Deusi. Jamani, nimelima, nimezika, nimekesha na wagonjwa, lakini sijawahi kupewa kazi ngumu kama kukaa. Deusi akaenda rweya akarudi, akaenda akarudi, shingo inatetemeka chini ya mzigo, na kila nikiinuka Mzee anasema, "Kaa, binti." Akatandaza mpaka mgomba wa mwisho, akiacha nafasi kuzunguka kila shina, na mimi nikalia nikajifanya ni jasho, kwa sababu mtoto niliyemhesabu kuwa mzigo wangu alikuwa amenipita kimo na mimi sikuona.

Kesi haikurudi mahakamani. Nami nimeapa: mtu akikubali kubeba mzigo wake mwenyewe nitakaa pembeni nitafune kucha, hata zikiisha zote kumi.