Mrija wa Tharsisi

Siku Fidele Nsabimana alipomtia machoni Tharsisi Niyomwungere kwa mara ya kwanza, Tharsisi alikuwa George Foreman. Alikuwa amevua shati, kitambi kimetangulia, aproni ya bucha ingali kiunoni, anairushia hewa ngumi nzito nzito nyuma ya nyumba ya Mama Esteri, pale Kasulu, na wanywaji wanashangilia. Fidele alikuwa ndiyo kwanza amehamia kutoka Kibondo, amefungua banda la kutengeneza baiskeli, hajui mtu. Alichomeka mrija wake kwenye chungu cha pombe ya mtama kama wenzake, akanywa.

Mchezo wa pale ulikuwa kupiganisha mabondia wa uzito wa juu ambao hawakuwahi kukutana, wa zama hizi na wa zama zile. Ubishi ukikolea, wabishi wawili walisimama, kila mmoja akamvaa bondia wake, wakapigana bila kugusana. Ngumi ilitakiwa kuishia hewani. Mwenye pombe, Mama Esteri, ndiye aliyeamua. Mshindi alichomoa mrija wa mwenzake chunguni, na mrija huo haukurudi mpaka urudishwe na mkono ule ule uliouchomoa. Kwa kawaida ulirudi kabla povu halijatulia.

"Foreman na Tyson?" Tharsisi aliuliza akihema. "Tyson analala raundi ya pili. Nani anabisha?"

"Tyson ana kasi," alisema Fidele, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Ehee! Kumbe mgeni ana mdomo! Simama, sha, mvae huyo Tyson wako tumwone."

Fidele alisimama, macho yakitazama vidole vyake vya miguu. Hajakunja hata ngumi, ya Tharsisi ikamtua shavuni. Akaenda chali kwenye majivu ya jikoni.

"Chini!" Tharsisi alipaza sauti. "Tyson chini! Mwoneni Chini huyo!"

Watu walicheka mpaka wengine wakapaliwa. Mrija wa Fidele ulirudi jioni ile ile. Jina halikurudi. Kuanzia hapo akawa Chini. Banda lake likawa kwa Chini, mkewe Mama Chini, na binti yake Aline alipoanza shule alikuta jina limemtangulia darasani.

Tharsisi hakuwa mtu mbaya kwa kila mtu. Kwenye msiba alikuwa wa kwanza kubeba jeneza, na mjane yeyote aliyepita buchani hakuondoka bila utumbo wa mbuzi wa kuchemshia watoto. Lakini Fidele alipopita, kisu kilisimama hewani na sauti ikavuka barabara: "Chini! Umeamkaje huko chini?" Fidele alitabasamu, akaendelea kukokota baiskeli ya mteja. Usiku mkewe alimsikia akisaga meno.

Angeweza kwenda na aibu hiyo kaburini. Ila siku wakwe walipokuja kutoka Buhigwe kumposa Aline, wazee wameketi, soda zimefunguliwa, Tharsisi alichungulia mlangoni. "Chini! Unaoza binti hujaniita?" Mjomba wa bwana harusi aligeuka kumtazama Fidele, halafu akatazama sakafu, mdomo umebana kicheko. Aline aliinuka akaingia ndani. Mahari ilipangwa, harusi ikafungwa, lakini Fidele hakuisahau ile kanga ya binti yake ikipotelea nyuma ya pazia.

Akaanza kumsoma Tharsisi kama anavyosoma baiskeli inayopiga kelele. Aliona kwamba siku hizi anapumzika mara mbili akipanda mwinuko wa sokoni. Alisikia kifua chake kikipiga filimbi vumbi la kiangazi lilipoinuka. Na kwenye simu, katika picha za zamani zinazorukaruka, alimwona Jack Johnson, bingwa wa enzi ambazo Mjerumani alikuwa bado anatawala Kigoma: mtu mrefu, hana haraka, anadaka ngumi za mwenzake huku anatabasamu na kumsemesha.

Alichagua Jumapili ya Agosti, baada ya misa, Tharsisi ameshashiba nyama na ugali.

"Foreman na Jack Johnson," Fidele alisema.

Mirija ilitoka midomoni. "Chini kasema!"

"Huyo babu?" Tharsisi alivua shati. "Leo namzika mara ya pili."

Alirusha. Fidele alirudi nyuma hatua moja, akatabasamu. Alirusha tena. Fidele akapisha. "Ongeza, mzee," alimwambia taratibu. "Hiyo haikufika. Ongeza." Wanywaji walianza kucheka, na safari hii kicheko kilikuwa kimehama upande. Tharsisi akasahau sheria, akatupa ngumi za kweli, kushoto, kulia, kifua kikilia kama pampu iliyotoboka. "Ongeza, baba." Pumzi zikamwishia Tharsisi. Akakaa kwenye vumbi, mdomo wazi.

Fidele aliinama mpaka sikioni pake. "Chini," alisema.

Akauchomoa mrija wa Tharsisi, akaukung'uta povu, akautia mfukoni.

"Mrudishie, mwanangu," alisema Mama Esteri. "Umeshinda. Inatosha."

"Ataniomba mwenyewe. Kwa jina langu."

Akauning'iniza bandani, kwenye msumari, katikati ya spoki. Tharsisi hakuomba. Alipita barabarani akitazama mbele, naye Fidele akainamia mnyororo. Kwa Mama Esteri Tharsisi hakukanyaga tena. Sauti ya buchani ikafifia, kisha bucha ikafungwa, watu wakasema ni mapafu, ameshapelekwa mara kadhaa hospitali ya Kabanga. Wengine walimtazama Fidele vibaya. Yeye alikuwa akiutazama msumari, na aliona raha, raha kavu isiyoshibisha, lakini raha.

Mwisho mdogo wake Tharsisi alikuja kumchukua wakamwuguzie kwao Munanila, ambako alifariki kabla hata msimu wa mahindi haujaisha. Asubuhi ya kuondoka, pikipiki ilisimama mbele ya banda. Tharsisi alikuwa amefungwa kanga kiunoni, ameunganishwa na mdogo wake asianguke. Fidele aliinuka, spana mkononi. Mkono wake mwingine ulisogea wenyewe kuelekea kwenye msumari.

"Acha," alisema Tharsisi. Alivuta pumzi, akasubiri ije. "Foreman alirudi ulingoni mzee, akauchukua ubingwa akiwa na miaka arobaini na mitano. Nami nitarudi kuufuata mrija huo kwa ngumi. Usimpe mtu mrija wangu, Fidele."