Binti Yangu, Binti Yake

Klabu yetu ya huduma hapa Kilosa hukutana katika ukumbi mdogo wa nyumba ya wageni, karibu na stesheni ya reli. Wengi wetu ni wastaafu, na wafanyabiashara wachache. Tunachimbisha visima, tunanunua madawati, tunazikana. Mimi nilifundisha Kiingereza sekondari mpaka nikastaafu, kwa hiyo mwenyekiti aliponiambia kuna mgeni anakuja kutoka Kanada kuzungumza nasi, nilijua ananitaka nitafsiri.

"Utaweza, Mwalimu?" akauliza.

Hakuwa anauliza habari za Kiingereza. Masika yaliyokuwa yamepita, binti yangu wa pekee alifariki kwa uchungu wa uzazi, yeye na mtoto, barabara ya kutoka kijijini kwake Tindiga ikiwa imekatwa na maji. Tangu tulipomzika sikuwa nimekanyaga mkutanoni.

"Nitaweza," nikamjibu. Nilikuwa nimechoka kukaa ndani.

Mgeni alikuwa mama wa rika langu, mrefu, mwenye mvi tupu, na viatu vyake vilijaa vumbi kwa kuwa alikuwa ametokea Mikumi kutazama wanyama. Dereva alikuwa amemfundisha shikamoo njiani, naye akamwamkia kila mtu, hata msichana aliyekuwa akigawa soda. Msichana aliona haya, akashindwa kuitikia marahaba. Tukacheka, na mimi nikacheka.

Alizungumza akisoma kwenye karatasi. Klabu yake ilitaka kushirikiana na yetu kununua gari dogo la kubebea wajawazito wa vijiji vya bondeni. Nilitafsiri bila taabu. Kisha akaikunja ile karatasi, akavua miwani, akasema jambo ambalo sikulitegemea. Nilidhani kwao hayo hayatokei.

Mkalimani hasemi "mgeni anasema hivi." Husema "mimi." Nikawageukia wenzangu, nikasema:

"Binti yangu alifariki akijifungua."

Mama ninayekaa naye benchi moja kanisani akajiziba mdomo kwa khanga. Niliona wazi kwamba hawajui ni nani kati yetu anayesema.

Mgeni akaendelea, nami nikamfuata. "Nilipofika hospitali walinikabidhi nguo zake ndani ya mfuko. Mpaka leo sijazifua. Nikizifua, harufu yake itaondoka."

Hapo nikaacha kutafsiri. Mimi za binti yangu nilizifua siku ileile aliyofariki, nikazianika, majirani wakinitazama, kwa sababu sikujua mikono yangu niipe kazi gani.

"Mwalimu, keti," mwenyekiti akanong'ona.

Mgeni akanishika bega, akaniuliza kwa Kiingereza kama amesema neno baya. Nikamwambia, "Na wangu pia. Masika yaliyopita."

Hakunipa pole. Labda neno hilo hakulijua, labda aliona halitoshi. Alivuta kiti, akaketi kando yangu mbele ya watu wote, akautia mkono wangu kati ya mikono yake. Hotuba ikaishia hapo. Nyuma mtu akaanzisha wimbo wa mazishi kwa sauti ya chini, wenzetu Waislamu wakainuka wakakinga mikono kuomba dua, kila mmoja kwa namna yake. Sisi wawili tulilia mpaka wali tulioandaliwa ukapoa.

Alipoondoka hatukuahidiana lolote kubwa. Ila gari lilikuja, kabla ya mvua nyingine kuanza. Mwenyekiti alitaka jina la binti yangu liandikwe ubavuni. Nikakataa; sikutaka kulisoma kila gari linapopita limejaa matope.

Mwanamke wa kwanza kubebwa nalo alitoka Tindiga hukohuko, mvua ikinyesha, akajifungua salama. Habari iliposomwa kwenye mkutano watu walipiga vigelegele. Nilipiga makofi pamoja nao, kisha nikatoka nje nikasimama nyuma ya jiko nikalia, maana nilimwonea wivu mama wa yule mwanamke.

Baadaye nilikwenda kumwona yule mzazi, nikampelekea khanga na unga wa uji. Mama yake alinikaribisha asijue mimi ni nani, akaniwekea mtoto mapajani. Nilimpakata hivyo, mzito na wa moto, mpaka alipoanza kutafuta ziwa, nikamrudisha kwa mwenyewe.